Ndimi za Chewa

Ndani ya basi la kwenda Henningsvær, kijiji cha wavuvi kaskazini mwa Norwe, Ragna alijifanya anasoma gazeti huku akimsikiliza binti wa miaka kumi na tano akibishana na mzee asiyemjua.

"Nakwenda gatini kukata ndimi za chewa nikauze," binti alisema. "Mwakani naanza shule Bodø, na chumba nitakilipia mwenyewe."

"Kazi hiyo ni ya watoto, sikatai, ila nafasi zimejaa," mzee akajibu. "Mjukuu wangu Eirik ana chuma chake pale gatini, cha kutungia vichwa vya samaki akikata ndimi, tangu ana miaka saba. Wewe kalee watoto wa watu."

"Na Eirik yuko wapi asubuhi hii?"

Mzee akakohoa. "Amelala. Jana alichoka."

Ragna akafunua ukurasa ambao hakuusoma.

"Basi chuma kiko wazi, babu. Samaki hawamngojei aliyelala."

"Una ulimi mrefu, binti."

"Wa chewa ni mfupi, ndiyo maana lazima nikate nyingi."

"Chuma kile nilikipigilia kwa mikono yangu. Hukigusi."

Basi likasimama gatini. Mzee alikuwa bado anapapasa fimbo yake chini ya kiti. Binti alikwisha kushuka, anafunga aproni huku anakimbia.