Mvua ya Saa Nane: Kumuaga Mzee Severin, Mpima Mvua wa Kinole

Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, walimu, wakulima wa Kinole, na wageni waalikwa mliopanda mlima kuja huku: wakubwa shikamooni, na rika langu habari za mchana. Na wewe Mzee Severin, mwenye shughuli yako, pokea shikamoo ya peke yako.

Mimi ni Bhakti, binti wa Dilip mwenye duka la vitambaa pale mjini. Kazi yangu ni takwimu, na leo nimekuja kumsifu mtu kwa kujisema mwenyewe.

Kwa miaka ishirini na sita mzee huyu amepima mvua ya kijiji hiki. Ikianza kunyesha anaandika saa. Asubuhi anakwenda kwenye kipimo, anaandika milimita, katika madaftari ya shule. Nani alimtuma? Bwana shamba mmoja, ambaye alihamishwa mwaka uliofuata. Mzee akaendelea.

Mwaka jana niliyapiga picha madaftari yale, nikayaingiza kwenye daftari la kompyuta, ambamo maelezo, hesabu na michoro hukaa pamoja. Kisha nikalichapisha mtandaoni, liwe ukurasa ambao mkulima anaufungua kwenye simu, anachagua mwezi kwa kidole, na mchoro unamwonyesha mvua huanza saa ngapi. Nilijivuna, sitaficha. Nilimwonyesha kila mteja wa baba.

Siku ya pili akanipigia Bi Semeni, yule pale anayecheka. Akasema, "Mwanangu, mvua hii ya asubuhi inanyesha Kinole ipi? Asubuhi ndiyo naanika karafuu."

Nikamjibu kwa upole wa msomi kwamba takwimu hazidanganyi. Ndugu zangu, kuna kiburi kinachovaa upole, na mimi nilikivaa kikanikaa sawasawa. Wengine wakasogeza vidole, wakaona kama alivyoona Bi Semeni, na minong'ono ikaanza kwamba mzee alikuwa akijiandikia tu kitandani. Wiki tatu Mzee Severin hakwenda kwenye sala za jumuiya.

Wiki ya nne akashuka mjini, ofisini kwangu, na kikapu cha madaftari. Hakugomba. Alifungua ukurasa mmoja, akaweka kidole mahali palipoandikwa "saa 8", akaniuliza, "Mwanangu, wewe saa nane unakunywa chai au unakula wali?"

Nikasema, "Wali, mzee."

"Basi na mvua inanyesha watu wakila wali."

Mimi, niliyezaliwa Morogoro, ninayejua tangu utotoni kwamba duka la baba hufunguliwa saa mbili, nilikaa mbele ya kompyuta nikageuka mgeni! Saa nane yake ya mchana nikaiandika nane ya mashine, ambayo ni saa mbili asubuhi. Miaka ishirini na sita ya mvua nikaihamisha kwa saa sita.

Tulirekebisha mstari mmoja tu wa hesabu katika daftari lile la kompyuta. Michoro yote ikajichora upya mbele ya macho yake, na kabla hajamaliza chai ukurasa mpya ulikuwa kwenye simu ya Bi Semeni. Naifurahia kazi hii kwa sababu hiyo. Kama ningeandika ripoti nene nikaifungia kabatini, nani angenisahihisha? Kosa langu lingezeeka likiheshimiwa.

Leo mzee anapumzika, Bi Semeni anapokea kipimo, na wakulima wanajua kuanua karafuu kabla ya saa saba. Tushangilie, tule, tucheze.

Lakini Mzee Severin, nilikuomba radhi ofisini, tukiwa wawili, ilhali aibu uliipata mbele ya watu. Kwa hiyo nasema hapa, mbele ya watu: hukukosea hata siku moja. Na kuanzia asubuhi ya leo, atakayefungua ukurasa ule, awe Kinole au ng'ambo, atasoma kwanza maneno haya: "Mvua hii imepimwa na Severin. Kosa la saa lilikuwa la Bhakti."

Kwa kunisikiliza mpaka hapa, ndugu zangu, asanteni sana.