Miaka Thelathini na Moja ya Karanga na Maharage: Kumuaga Mama Bambo

Ijumaa hii saa tisa alasiri, baada ya miaka thelathini na moja na miezi minne kwenye maabara yetu ya ubora wa mikunde, Mama Bambo anastaafu. Jumatatu asubuhi muhuri wake unakuwa wangu. Niliombwa niandike kwa furaha, na furaha ipo, lakini nisiwadanganye: muhuri huo unanitisha. Ghalani kuna magunia mia mbili na kumi ya karanga yanayosubiri kusagwa unga wa uji wa watoto waliodhoofu, wale waliolazwa wodini. Sahihi ya kuyaruhusu yatoke ni yangu.

Jina alipewa na wapakiaji, kwa sababu ya bambo, kile chuma chenye ncha cha kudunga gunia na kuchota punje za ndani. Wenzake hubeba miwani mkobani, yeye bambo. Alianza kazi kama mpishi wa sampuli. Kila shehena ya maharage aliichemshia sufuria yake, akakaa na saa kuona yanaiva kwa dakika ngapi. Yaliyokaa sana kwenye ghala lenye joto hayaivi hata uyaombe radhi, na alikuwa akisema kuwa lishe isiyoiva haimfikii mtoto. Akarudi darasani akiwa mtu mzima mwenye watoto wawili, akatoka mkaguzi.

Kwa wakulima alihubiri mambo mawili tu: anikeni juu ya turubai, na chambueni karanga zilizosinyaa. Sumukuvu, ile sumu inayoletwa na ukungu, haina harufu, na kuchemsha hakuiondoi. Protini yote ya karanga haifui dafu mbele yake.

Mumewe hulalamika kuwa alioa fukusi, yule mdudu mtoboa maharage. Siku ya kwenda kujitambulisha kwa wakwe wa kijana wao, mama huyu aliona maharage kwenye ungo, akachukua moja akaling'ata, kisha akawashauri wenyeji wayaanike siku mbili zaidi. Loo! Mzee wa watu alitamani ardhi ipasuke. Harusi ilifungwa hata hivyo, na mkwe mwenyewe anasema yalikuwa mabichi kweli.

Mimi nina deni lake la aibu. Mwaka wangu wa kwanza nilichota sampuli kwenye magunia ya mlangoni peke yake, kwa uvivu, nikamletea majibu safi. Hakuisoma karatasi. Alitazama magoti yangu, akaona hayana hata vumbi, akaniuliza ya nyuma niliyafikiaje. Tulipanga upya ghala zima tukiwa wawili. Safu ya ukutani ilikuwa imeota ukungu. Bosi hakuambiwa mpaka leo, anaposoma hapa, shikamoo bosi.

Sasa hizi karanga. Mashine ya kupima sumukuvu imezipitisha, lakini chupuchupu, na mlinzi wa ghala anasema mvua ya wiki iliyopita ilivuja pembeni. Jumatano nilimpelekea Mama Bambo karatasi nikitumaini atanitua mzigo. Akairudisha bila kuifungua. Alisema akinijibu leo, Jumatatu nitampigia simu, na Jumanne pia. Niliudhika, nikamwona ana roho ngumu. Usiku sikupata usingizi.

Lori linakuja Jumatatu asubuhi, na wapakiaji wanapatikana Ijumaa alasiri tu, saa hii hii ya sherehe. Kwa hiyo niwieni radhi: wakati mnasoma haya mimi niko ghalani, tunashusha gunia moja moja, na sitapiga muhuri mpaka nimeona la mwisho. Naogopa, lakini nimeanza.

Mama, sisi sote wa maabara tunakushukuru. Nenda ukapumzike, Mungu akupe afya na wajukuu wa kukusumbua. Najua umeshakiona kiti changu kitupu na umeshaanza kuinuka. Tafadhali, keti. Kunywa soda yako.