Mama Jeli, Mwalimu Aliyehamisha Maini ya Wagonjwa

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, daktari bingwa wa ultrasaundi wa hospitali yetu, ambaye kuanzia mkurugenzi hadi wauza vocha wa getini wanamwita Mama Jeli, anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu. Hafla ya kumuaga itafanyika ukumbi wa mikutano, ambao kiyoyozi chake kimeahidiwa kutengenezwa kabla ya siku hiyo. Wenye uzoefu na ahadi hizo waje na kitu cha kujipepea.

Kazi ya kuandika wasifu huu amepewa daktari wa meno, yaani mimi, kwa sababu chumba changu kimepakana na chake na ukuta kati yetu ni wa mbao nyembamba. Upande wangu watu hupiga kelele, upande wake wanaambiwa wanyamaze wabane pumzi. Kwa hiyo mengi ya humu sikuhadithiwa. Niliyasikia mwenyewe, mengine bila kupenda.

Mama Jeli alianza kazi wakati hospitali ina mashine moja ya ultrasaundi, kubwa kama kabati la nguo, ambayo haikuwaka mpaka ipigwe kofi ubavuni. Jina lake limetokana na ile jeli baridi wanayopakwa wagonjwa tumboni. Yeye chupa yake aliiweka kwenye beseni la maji moto, akisema mgonjwa akishtuka anakaza tumbo, na tumbo lililokaza halimwambii daktari kitu. Wengi wetu tulidhani ni huruma. Huruma ilikuwepo, lakini zaidi ni kwamba hakupenda kupotezewa muda.

Mdomo wake haukuwa na breki. Bosi mmoja alikuja kupimwa figo huku anaongea na simu mbili kwa zamu, Mama Jeli akamwambia azizime zote kwa sababu figo zake si wajumbe wa kikao. Bosi alizizima. Mkurugenzi alitumia wiki nzima kuomba radhi kwa niaba ya hospitali, na Mama Jeli alitumia wiki hiyohiyo kupima watu.

Kisha yakaja mafunzo kwa njia ya mtandao. Zahanati za pembezoni zilikuwa zimegawiwa mashine ndogo za kisasa za ultrasaundi, na kwa kuwa hakuna aliyejua kuzitumia, zilifunikwa vitambaa vya kufuma na kuwekwa pembeni zisiingie vumbi. Mama mjamzito akivuja damu alipakiwa kwenye gari na kuletwa kwetu, safari ya kutwa, ili Mama Jeli amtazame. Wengine walifika wamechelewa. Hayo ndiyo yaliyomuuma. Alitaka kitu kimoja tu kabla hajaondoka kazini: mama yule atazamwe kulekule aliko, na daktari anayeona kweli.

Mkurugenzi naye aliyapenda mafunzo hayo, ila kwa sababu ya vyeti. Vyeti vinahesabika na vinapendeza kwenye taarifa ya mwaka. Kozi ilikuwa na video, kisha maswali ya kuchagua jibu, na aliyekosea aliruhusiwa kurudia mpaka mashine imhurumie. Mhitimu wa kwanza alifaulu kwa alama zote akiwa harusini, katikati ya kukata keki. Mwingine, wa zahanati ya mbali kuliko zote, kila akiulizwa swali kwenye kipindi cha moja kwa moja alijibu kwamba mtandao umekata. Alilisema kwa sauti safi kabisa isiyokatika hata kidogo, tukamwita Daktari Umekata.

Video alizirekodi Mama Jeli mwenyewe. Bajeti ya mpiga picha ilikuwa imeishia kwenye vikao vya kupanga namna ya kumpata mpiga picha. Akafunga simu yake kwenye stendi ya dripu kwa plasta, akatumia kamera ya mbele ili ajione anavyotokea, akaanza. Tumbo la kufundishia lilikuwa la mume wake, mwalimu wa hesabu aliyestaafu zamani, mtu mpole mwenye uwezo wa kulala chali saa nzima bila kuuliza chakula kitaiva lini. Tumbo hilo likapata umaarufu. Siku moja madaktari watatu walipishana na mzee kwenye korido bila hata kumsalimia. Upepo ulipoinua shati lake ndipo wakageuka wote kwa heshima na kumwamkia shikamoo.

Sasa hapa tuseme ukweli, maana taarifa ya mwaka haikuusema. Miezi michache baada ya kozi kuanza, ripoti za ajabu zilianza kuingia kutoka zahanati. Mgonjwa ana ini upande wa kushoto. Mwingine hivyohivyo. Mwingine tena, na wengu wake uko kulia. Mkurugenzi alifurahi kupita kiasi. Aliitisha kikao, akatangaza kwamba wilaya yetu huenda ina jambo ambalo sayansi haijawahi kuliona, na akaanza kuandika makala yenye jina lake mwanzoni. Mtaalamu wa maabara alipendekeza ichunguzwe mito wanakochota maji. Mimi nilipendekeza, kwa utani, wachunguzwe madaktari, na kumbukumbu za kikao zikaandika kwamba daktari wa meno hakuwa na mchango.

Hakuna mgonjwa aliyepasuliwa upande usio wake, na shukrani zimwendee daktari wetu wa upasuaji, ambaye haamini karatasi ya mtu yeyote na humpima mgonjwa upya mwenyewe kabla ya kushika kisu.

Aliyegundua ni Mama Jeli. Alikuwa hajawahi kuzitazama video zake kwa sababu hapendi kusikia sauti yake. Siku hiyo alizitazama. Nilisikia video moja ikirudiwa mara tatu ng'ambo ya mbao, kisha akamwita mume wake na kumwamuru apandishe shati. Kovu la mzee la kidole tumbo, lililokuwa kulia tangu kabla hawajaoana, kwenye video lilikuwa kushoto. Kamera ya mbele ilikuwa imegeuza kila kitu kama kioo. Mkono wake wa kulia ulionekana wa kushoto, na alama iliyo ubavuni mwa probu, kile kidude wanachokipitisha tumboni, ilielekea upande usio wake. Darasa zima lilimwiga kwa utiifu, na picha zote zikatoka kinyume.

Hata maandishi kwenye kioo cha mashine yalisomeka kinyumenyume. Watu waliyaona. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuuliza kama mashine hiyo ilitengenezwa nchi wanakoandika kuanzia kulia, na ofisi ya kozi ikamjibu kwamba ndiyo. Madaktari waliosoma miaka na miaka kwamba ini liko kulia walikubali kulihamisha kwa sababu video imesema.

Mama Jeli hakumtafuta wa kumbebesha lawama. Kipindi kilichofuata aliwaambia wote, mkurugenzi akiwa anasikiliza, kwamba kosa ni lake, na kwamba kosa la kwao ni kubwa zaidi, maana yeye alikosea kamera na wao walikosea kumwamini kuliko macho yao. Akasema hatatia saini cheti cha mtu yeyote mpaka amwone ameshika probu juu ya tumbo la binadamu na kueleza anachokiona. Mkurugenzi akamkumbusha kwamba vyeti vimeshachapishwa. Mama Jeli akamjibu kwamba karatasi nyuma ni nyeupe, zitafaa kuandikia. Makala ya kisayansi haikutajwa tena.

Ndivyo zilivyoanza safari za zahanati kwa zahanati. Video zilirekodiwa upya kwa kamera ya nyuma, wanafunzi wakazitazama kwao kwa nafasi yao, kisha Mama Jeli akaenda kuwatahini mmojammoja huku darasa lote likifuatilia mtandaoni. Alikwenda na tumbo lake la kufundishia. Kwa kuwa gari la hospitali haliruhusiwi kubeba jamaa wa watumishi, mzee aliandikwa kwenye ombi la gari kama kifaa. Alikaa kiti cha nyuma, katikati ya boksi la jeli na mashine, na hakulalamika hata barabara ilipoharibika.

Zamu ya Daktari Umekata ilipofika, wengi tulifungua simu zetu tucheke. Mtandao, kwa mara ya kwanza katika historia ya zahanati ile, ulikuwa mzuri. Akapasha jeli joto kama alivyofundishwa, akampaka mzee tumboni. Akalipata ini, kulia, akalitaja. Akazipata figo. Akashuka katikati ya tumbo, akasimama penye kivuli kimoja, akawa haendelei. Mama Jeli akamwambia kivuli hicho ni gesi, asonge mbele. Kijasho kinamtoka, kila mtu anamtazama, na cheti chake kiko mikononi mwa huyo anayemwambia asonge. Akasema taratibu:

"Samahani, Mama. Gesi haidundi."

Mama Jeli akaivuta mashine karibu. Mshipa mkuu wa damu, ule unaotoka moyoni na kushuka kupitia tumboni, ulikuwa umetuna mahali pamoja, umekuwa mpana kuliko inavyofaa, na unadunda. Mshipa wa namna hiyo ukipasuka, mtu hafiki hospitali. Mzee alikuwa ameubeba kimyakimya, pengine kwa muda mrefu, kwenye tumbo lililotazamwa na madaktari wengi kuliko tumbo lolote tunalolijua, na zaidi ya wote na mke wake. Kila mara alikuwa analitazama ili aoneshe ini lilipo na figo zilipo. Hakuwa anatafuta kitu.

Mama Jeli akamwambia Daktari Umekata arudie kueleza anachokiona, kwa sauti, darasa lisikie, na alipomaliza akamwambia amefaulu. Mimi nililia chumbani kwangu huku mgonjwa amefungua mdomo, na yeye akadhani jino lake limeharibika mno.

Mzee alipelekwa hospitali kubwa, akafanyiwa upasuaji, akapona. Kwenye taarifa ya robo mwaka mkurugenzi aliliweka tukio hilo chini ya kichwa cha mafanikio ya mafunzo kwa njia ya mtandao, pamoja na grafu. Kwa mara ya kwanza hatukumbishia. Leo zahanati zile zinapima zenyewe, na akina mama wanaoletwa kwetu wanafika mapema, na karatasi zao zinasema kweli.

Wengi wameuliza kwa nini Mama Jeli hakubali mkataba wa kuendelea, maana mkurugenzi alikuwa tayari ameuandaa na hata kuugongea muhuri. Alinijibu mimi tukiwa tunanawa mikono. Alisema amelitazama tumbo la yule mzee miaka yote kama ubao wa darasani, na nusura afiwe naye mbele ya macho yake akiwa ameshika probu. Sasa anataka kwenda nyumbani akamtazame mwenye tumbo.

Nafasi yake anaichukua Daktari Umekata, ambaye ameombwa aje na maneno mapya.

Mama Jeli, kwa niaba ya watumishi wote, asante. Umetufundisha kuona, na umetuonesha kwamba hata bingwa huambiwa atazame tena, naye hutazama. Tutakukosa sana, na ukuta wangu utakuwa mpweke. Tunawaombea wewe na mzee afya, na siku nyingi za kukaa pamoja bila mtu kubana pumzi.

Na wewe mzee wetu, ahsante kwa uvumilivu. Zoezi limekwisha. Sasa funga vifungo vya shati, mkeo anakusubiri muende nyumbani.