Nahodha Lobb Anakufa au Hafi?

Benchi la kwanza kwenye gati ya feri ya Gosport, kusini mwa Uingereza, linatazama bandari ya Portsmouth ng'ambo, na kila asubuhi linakaliwa na watu watatu wenye vikombe vya chai na ubishi wa kutosha kuzamisha meli. Ubishi wao ni mmoja: vitabu kumi na viwili vya Nahodha Lobb na merikebu yake Larkspur, vya enzi za matanga na mizinga, ambavyo hakuna anayemjua mwandishi wake. Na sheria yao ni moja. Kitabu kipya kikitoka, asiyekimaliza anahamia benchi la pili, kando ya pipa la taka, asije akaharibiwa uhondo. Denzil Purkiss, fundi wa kamba za meli aliyestaafu na kubaki na jina la Kamba, ana miezi mitatu akilikalia benchi la kwanza kwa uongo. Kile cha kumi na mbili, cha mwisho, hajakimaliza. Enid, mkewe, ndiye aliyekuwa akimsomea jikoni yeye akiosha vyombo, na Enid alifariki Februari wakiwa ukurasa wa mia mbili na kumi. Tangu hapo nyumba imepoa. Akifukuzwa hapa, hana mtu wa kuongea naye kutwa nzima.

— Hajazaliwa mwingine wa kuiandika bahari kama huyu, alisema Cyril. Wanamwita Admirali, ingawa miaka yake ishirini na miwili melini aliimaliza akimenya viazi. — Ile dhoruba ya kitabu cha nne, mimi niliisoma nimeshika meza.

— Dhoruba sawa, akasema Ivy Sturgess, mkutubi mstaafu waliyembatiza Hakimu. — Lakini cha saba kaitoa Larkspur bandarini hapa hapa maji yanajaa. Yanajaa, Cyril. Ingerudi kinyumenyume mpaka Fareham, kule ndani kabisa.

— Alikosea makusudi, ajue nani anasoma na nani anapekua kurasa tu.

— Acha fiksi zako.

— Haki ya nani. Nilimwandikia barua kupitia kwa mchapishaji kumuuliza, hakujibu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Mkuu ndio wewe? Na guu la nani sasa?

— Ya maji mimi simo, akasema Denzil. — Ila mafundo yake hayana kasoro. Pale tanga kuu linapochanika, kamba inafungwa vile vile nilivyofundishwa mimi. Nilisikia raha mpaka nikaacha vyombo kwenye povu.

— Yule ni mwanamke, Ivy akasema. — Mwanamume gani ataandika kurasa mbili za nahodha anashona soksi, na mtu ulie?

— Si mwanamke wala mwanamume. Yule alikuwepo, Cyril akasema. — Alikuwa melini na Lobb. Ana miaka mia mbili na thelathini yule, kajificha mahali, anakumbuka tu.

— Ewe baba, kunywa chai.

— Sasa ule mwisho kaujuaje, kama hakuwepo?

— Aa, ule mwisho, Ivy akasema taratibu. — Kamba, wewe uliuonaje?

Denzil akapiga funda la chai.

— Mzito.

— Mzito haswa, Cyril akadakia.

Hapo mwanamke mwenye koti la njano akawasogelea. Ni Rhona, aliyeanza kazi ya kufunga kamba za feri gatini wiki ile ile.

— Samahanini wazee wangu. Nimemaliza cha kumi na moja jana, na uvumilivu sina. Niambieni tu, Nahodha Lobb anakufa au hafi?

Denzil alimngoja Hakimu, ambaye hajawahi kukosa jibu. Ivy aliangalia chai yake. Cyril alikuwa anapuliza kikombe kilichokwisha zamani. Kusema "hafi" ilikuwa rahisi, nani angempinga? Lakini kumzulia Lobb ilikuwa kama kumwekea Enid maneno mdomoni, na hilo alishindwa.

— Sijui, alisema. — Enid aliniacha njiani, ukurasa wa mia mbili na kumi. Miezi yote hii nawadanganya.

Akainuka na kikombe chake, akaenda benchi la pili bila kugeuka nyuma. Hajakaa sawasawa, Ivy akaketi ubavuni mwake.

— Mimi nimeishia ukurasa wa sabini, akasema. — Nikikimaliza, nitasoma nini tena maishani?

Cyril alifika akihema.

— Mimi hata sijakifungua. Msinitazame hivyo.

Rhona naye akasogea, akaegemea ukingo wa benchi. Ivy akatoa kitabu mkobani.

— Tuanzie wapi?

— Mwanzo, Denzil akasema.

— Si hizo mia mbili na kumi unazijua?

— Nazijua. Nataka kuzipita tena, Ivy, kabla sijaingia kule ambako Enid hakufika.

Ivy akavaa miwani. Alisoma polepole, na hakuna aliyemharakisha.