Bi Dorcas Wetherell, Aliyewapa Majina Watu wa Hadithini

Ndugu, majirani na mchungaji wetu, tuliyemleta hapa leo ni Bi Dorcas Wetherell, aliyezaliwa hapahapa Ludlow tarehe 4 Machi 1821, binti wa mtengeneza mishumaa, akasoma miaka mitatu shuleni kwa Bi Tansley, akafukuzwa kwa kucheka wakati wa sala, akaolewa tarehe 12 Juni 1841 na Edmund, mshona matandiko ya farasi, wakajaliwa mtoto mmoja, Ambrose, huyu anayelia bila kitambaa.

Alipofiwa na mume mwaka 1852 alianza kuandika hadithi za kila mwezi gazetini, na sifa yake ilikuwa majina, kwani mtu mbaya tulimjua kwa jina lake kabla hajafungua mdomo, na ili asigombane na walio hai aliyaokota makaburini, akiyatamka kwa sauti kama anayeonja mchuzi.

Mwaka 1866 bahili wa hadithi yake, mla haki za yatima, alimwita Grindle, jina linalosikika kama jiwe la kusagia, asijue kwamba Grindle wa kaburi alikoliokota jina hilo aliacha binti katika kijiji cha pili, Lettice, na kwamba Ambrose alikuwa amemchumbia kimyakimya, basi watoto wakamzomea binti wa watu, "Grindle, rudisha mkate wa yatima!", naye akarudisha pete, na Ambrose akamwambia mama yake, "Mama, umemzika baba yake mara ya pili, na safari hii hukumwekea hata ua."

Siku hiyo Bi Dorcas hakula, na tuliomjua tunajua uzito wa jambo hilo, akaenda kwa Lettice kwa miguu, akaambiwa mlangoni, "Kama ulikosa jina, Bi, si ungetumia lako?", akarudi nyumbani, na kwa kuwa yaliyochapwa hayafutiki, mwezi uliofuata, mhariri akipiga kelele, alimleta hadithini Grindle mwingine, mpwa wa bahili, mkunga mwenye mdomo mkali na moyo laini, aliyewalisha mayatima walewale, na watu wakampenda hadi wakamlilia alipougua, na Lettice hakuzomewa tena.

Lettice alipokea tena pete, akaolewa na Ambrose tarehe 2 Mei 1867, lakini mama mkwe wake alimwita yeye Lettice "Bi Wetherell" tu, kwa adabu baridi kama sakafu ya kanisa hili, mpaka kifua kilipomlaza marehemu Novemba iliyopita, Lettice akamwogesha, akamlisha, akamsugua mgongo, na asubuhi ya tarehe 9 Februari 1880 marehemu alipouliza ni nani aliyemshika mkono, alijibiwa, "Ni Lettice, mama," akatabasamu, akatutoka.

Tunamshukuru daktari Pargeter, majirani kwa supu, na wachapaji waliofunga karakana leo. Lala salama, Dorcas, umeitwa ulivyotamani kuitwa.