Mzee Mukhwana wa Maabara na Sufuria Ile ya Maharagwe

Kwanza salamu. Mzee Patroba Mukhwana, hujambo wewe? Mkeo Mama Phoebe huko Shianda hajambo, na goti lake limepoa? Mwanao Bramwel hajambo, na mkewe Rachael aliyejifungua juzi, na mtoto analala vizuri? Huku kwangu tu wazima. Binti yangu Sylvia yuko chuoni na anakusalimu sana. Sammy wangu amepona kikohozi. Nyanya yao bado anamaliza obusuma wake, ule ugali wetu, bila kusaidiwa na mtu. Walimu wote, wenzangu wa jikoni, na wewe Mwalimu Mkuu, nawasalimu mmoja mmoja.

Mzee Mukhwana anastaafu Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 1997, baada ya miaka ishirini na saba akiwa mhudumu wa maabara ya shule yetu. Kamati iliniambia mimi, Risper Awinja, mpishi, nimwandikie maneno ya kumuaga, kwa sababu jikoni na maabara ni ukuta mmoja tu unaotutenganisha. Nilisoma mpaka darasa la tano, mnisamehe makosa. Lakini wewe katibu utakayepiga chapa, nakusihi usitoe hata mstari. Kuna jambo limeandikwa katika faili lake nalo si kweli, na anayejua ukweli ni mimi. Karatasi hii nimeianza mara nne. Nikikaribia hapo naichana, maana kazi hii ya jikoni ndiyo inalisha watoto wangu.

Alianza mwaka wa 1970, wakati maabara ilikuwa chumba kimoja na maji yanachotwa mtoni kwa ndoo. Yeye ndiye alichota. Koti lake jeupe lina madoa ya kila rangi, hata wasichana husema likilowekwa litatoa rangi ya kutosha kupaka bweni zima. Chupa zilizovunjika mkononi mwake miaka yote hii ni tatu, na moja ni mbuzi wa shule aliyemsukuma.

Yeye si mwalimu, lakini msichana akitoka darasani hajaelewa, alikuwa anapitanga dirisha la nyuma la maabara. Sylvia wangu alilia wiki nzima kwa sababu ya hizo atomu, vile zinavyoshikana. Mzee akamuuliza, "Kwenu mna ng'ombe wangapi wa kulima?"

"Mmoja."

"Mmoja anavuta plau?"

"Hapana. Tunaungana na jirani, naye ana mmoja."

"Basi umeshajua. Haidrojeni ana elektroni moja, mwenzake ana moja. Hakuna anayempa mwingine. Kila mmoja analeta wake, na hao wawili wanawatumikia wote. Wakiachana, hakuna atakayelima."

Msichana akacheka, akarudi kwa daftari. Mwaka huo kemia alipata B.

Mimi pia alinifundisha nikichambua sukuma wiki. Alisema chumvi ninayotia mbogani imetoka kwa wakali wawili. Sodiamu ukiitupa majini inalipuka. Klorini ni hewa ya sumu. Lakini sodiamu ana elektroni moja ya nje inayomsumbua, na klorini amepungukiwa na moja. Huyu akitoa, yule akipokea, wanavutana wanashikana, ukali wote unakwisha. Ndiyo sodiamu kloraidi. Nikamuuliza, na yule aliyetoa haumii? Akasema, "Mama Sylvia, yeye ndiye wa kwanza kutulia."

Sasa nimefika pale.

Katika faili la Mzee Mukhwana kuna barua ya onyo ya mwaka wa 1992. Inasema kwamba kwa uzembe aliingiza dawa ya maabara jikoni, ikamwagika kwenye maharagwe ya wanafunzi. Kwa barua hiyo amenyimwa cheo mara mbili.

Si yeye. Ni mimi.

Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu na gari la vyakula lilikwama matopeni njia ya Mumias. Chumvi ikaisha. Nikakumbuka ile hadithi ya sodiamu na klorini, nikasema hawa jirani si wana kloraidi tele? Maabarani Mzee alikuwa ameinama anaosha vyombo, maji yanapiga kelele. Nikaona chupa nyeupe, punje zake nyeupe, nikasoma polepole neno la mwisho: kloraidi. Nikabeba bila kuuliza, ndiyo nisimsumbue. Nikatia vijiko vya kutosha sufuria ya wasichana mia tatu. Somo nilikuwa nimelishika nusu. Nilidhani kila kloraidi ni ya kula.

Nilikuwa nimeinua kijiko nionje aliposimama mlangoni, koti limelowa, anahema.

"Mama Sylvia! Ile chupa umetia?"

"Nimetia."

"Umeonja?"

Alikipiga kile kijiko kikaruka mpaka kwenye kuni. Ile ilikuwa bariamu kloraidi. Klorini ni yule yule, lakini aliyeshikana naye ni mwingine, na huyo akiingia majini anaachilia, anatembea ndani ya mtu mpaka moyo unasimama. Kijiko kimoja kidogo kingetosha kunilaza mimi. Wasichana walikuwa wameshapanga foleni nje na sahani zao, wanaimba.

Alikwenda mbio akaleta maji ya salfeti, akamimina. Mchuzi ukageuka mweupe kama uji. Akaniambia, "Sasa bariamu ameshikwa na salfeti. Hao wawili hata maji hayawaachanishi." Na bado hakuniruhusu hata kuramba mwiko. Alichimba shimo refu nyuma ya stoo, akafukia maharagwe yote, sufuria akaisugua yeye mwenyewe mara saba. Wasichana walikula obusuma na maziwa ya mgando saa nane, na mmoja akasema kwa sauti kwamba wapishi wa shule hii wanapikanga kwa maombi.

Mkuu wa wakati huo, ambaye alishahamishwa, alikuja akauliza nani amefanya hivi. Nilifungua mdomo. Mzee akanitangulia: "Ni mimi, nilikuja kuomba maji moto nikiwa na chupa mkononi." Akaandikiwa barua palepale. Baadaye nilimfuata nikilia. Akasema, "Wewe huna mume nyumbani na una watoto wawili shuleni. Mimi nina ng'ombe. Nyamaza."

Nikanyamaza. Miaka mitano. Mwaka wa 1994 majina ya waliopanda cheo yalisomwa na lake halikuwemo, na kesho yake alikuja dirishani kuomba maji moto akinitania kwamba moto wangu ni mvivu kama mimi. Sikuweza hata kumtazama. Hajui kama naandika haya. Angejua, angekataza.

Mzee wetu, asante kwa kila chupa uliyoifungia kabatini ili mtoto wa mwenzako asidhurike. Asante kwa Sylvia. Nenda nyumbani, plau yako ikutane na udongo laini, mama Phoebe akupikie mpaka ukatae, na siku zako ziwe nyingi zenye afya. Jikoni na maabara tunakuombea mema.

Na wewe Mwalimu Mkuu, naomba ile barua itolewe kwenye faili kabla Mzee hajaweka sahihi ya kuondoka, asiende kwake na kosa langu. Kama kuna barua ya kuandikwa, iwe na jina langu. Nakuomba tu unitumie neno upesi, kabla ya Jumapili jioni, kwa mtu yeyote anayepita njia ya kwetu, nijue kama Jumatatu alfajiri nije kuwasha moto au nisije.