Sindano Haipimi Macho

Mgeni rasmi, Mganga wetu Mkuu wa Manispaa, karibu Mwaloni, Kirumba. Anayekusomea risala hii ni Machibya, katibu wetu, na kikundi kimemwagiza aanze kwa kukiri hadharani kwamba siku ile mjinga alikuwa yeye. Amekubali, ingawa aliomba tuandike "wajinga".

SISI NI NANI

Tunashona nyavu za dagaa, watu ishirini na sita. Mbalamwezi ikiwa kali, taa hazivuti dagaa, mitumbwi inalala ufukweni na nyavu zote zinaletwa kwetu. Hizo ndizo siku zetu za kula. Giza likirudi, wavuvi wako ziwani, sisi tunapiga soga.

SIKU ILE

Gari la kupima macho lilikuja katikati ya siku za mbalamwezi. Muuguzi Hellen akaeleza kwamba akishatia dawa ya kupanua mboni, cha karibu hukioni vizuri hadi jioni. Nani aache nyavu?

Machibya akamwambia, "Sista, sisi macho tunapimwa na sindano kila asubuhi. Anayetunga uzi mara ya kwanza ni mzima."

Akampa uzi Sabina, mwenzetu mwenye kisukari mwaka wa saba sasa. Sabina akatunga mara ya kwanza. Tukapiga makofi, foleni ikavunjika. Hellen akabaki anasema kisukari huvujisha mishipa ya ndani ya jicho huku mtu bado anaona, na kwamba mishipa ya moyo nayo haisalimiki. Alikuwa anaongea na migongo yetu.

Miezi mitatu haikuisha, pazia jeusi likashuka kwenye jicho la kushoto la Sabina. Hospitalini akaambiwa madhara yalianza kabla ya makofi yetu. Jicho hilo halioni tena.

HOFU YETU

Limebaki la kulia. Tangu jana anaona nyuzi zinaelea mahali pasipo na uzi. Kesho alfajiri anarudi hospitali, sisi tutamshonea sehemu yake.

Mhazini wetu naye alibanwa kifua, akadhani ni kuinama sana. Kumbe ni moyo. Kumi na wawili kati yetu hawajawahi kutobolewa kidole wapimwe sukari. Machibya alipimwa juzi, na tangu hapo utani wake umepungua.

OMBI

Gari lije wiki za giza, tukiwa hatuna nyavu, lipime macho, sukari na presha siku hiyo hiyo. Mwenyezi Mungu akupe siha, aibariki mikono ya wauguzi wako, na atuoneshe njia tukiwa bado tunaiona.

Usishangae ombi kuwa moja. Kikaoni, mwenyekiti wetu, mzee Masele, alitaka banda la kivuli litangulie. "Jua linatuua, mwanangu," alimwambia Sabina. "Macho yatafuata."

Sabina akamjibu, "Andikeni banda, baba. Ila mniandikie na mtu wa kunishika mkono hadi lilipo."

Ni sisi,
Umoja wa Washona Nyavu, Mwaloni Kirumba